Mguu wa Kushoto wa Bosibori

Walinipa kipaza sauti, nikasema, "Bosibori alikuwa mtu wa kazi, asanteni kwa kuja," nikakirudisha. Kijana wa mitambo alidhani kimezima, akakipigapiga. Watu wakacheka kidogo kwa sababu wananijua: mimi nikipewa nafasi ya kusalimu, chakula cha wageni hupoa. Hiyo ilikuwa mwezi uliopita, hapa kwetu upande wa Ikonge, tukimzika. Yeye alikuwa mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, na kwetu hata kama waume ni wawili tunaitana mke mwenza. Tumeishi boma moja tangu nikiwa na miaka kumi na tisa mpaka sasa meno yangu yanaondoka moja moja kama wageni wa harusi. Mchungaji alisoma habari za kulala na kuamshwa, na mvua ya kwanza ya mwaka ikaanza kupiga tenti, watu wakasogea katikati wakikanyagana. Mimi nikabaki pembeni nikiangalia chai yake shambani. Imekatwa mwaka huu. Inasimama pale mashina matupu, lakini ukisogea unaona machipukizi, mekundu mekundu kama midomo ya vifaranga. Nikasema moyoni, kitu hiki kitanikimbiza mpaka lini? Nilifika darasa la nne tu, kwa hiyo mtanivumilia nikienda kando. Lakini mwaka ule lazima niuseme, na siwezi kuusema nikiwa nimetulia. Hata sasa naandika kidogo, nasimama, nafukuza kuku, narudi.

Kwanza mjue chai inavyokatwa, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa uovu wangu. Kila baada ya miaka kadhaa mti wa chai huinuka mpaka mchumaji anatafuta majani hewani, na yale anayopata ni magumu. Basi unanoa panga, unaukata wote chini, karibu na goti. Mgeni akipita atadhani umegombana na shamba lako. Lakini yale matawi uliyokata huyaondoi. Unayalaza juu ya shina kama blanketi, maana jua la Februari likilipiga gome tupu, gome linapasuka na shina linafia ndani kwa ndani. Bwana shamba alitufundisha hivyo, na mama mkwe wetu alikuwa ametufundisha kabla yake, bila daftari. Kila mtu hapa anajua. Mtoto anajua. Mimi nilijua.

Mwaka ule tulikuwa tunapika pamoja, nyumba ya mama mkwe, jikoni kwenye mafiga matatu na kuta nyeusi zinazong'aa kwa moshi kama zimepakwa mafuta. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho, anakuja mwisho wa mwezi na mkate. Mume wa Bosibori alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamwachia watoto wanne na mistari kumi ya chai. Hiyo chai ndiyo ilikuwa mume sasa. Januari tulikata pamoja, ya kwake na ya kwangu, kisu na panga, tukifunika kila shina vizuri. Sikuwa na neno naye. Neno lilikuja kwenye chakula. Mama mkwe alikuwa amepika ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga chungu zinazolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu unakuwa utamu, na majirani wawili walikuwa wameingia kusalimia. Nikanyoosha mkono niongeze mboga. Bosibori akasema, akiwaangalia wale wageni, si mimi, "Muongezeni. Anakulia wawili."

Mama mkwe akainua kichwa haraka. "Wawili gani?"

"Yeye na njaa yake."

Wakacheka. Mama mkwe pia alicheka, na hicho ndicho kilichoniuma. Nilikuwa nimemaliza mwaka mzima kwenye boma lile bila dalili ya mtoto. Kisha Bosibori, akiwa ameona mzaha wake umepokelewa, akaongeza, "Hata yule kuku niliyemnunua Nyamache juzi ameshataga." Mimi nikameza ugali. Ugali wa wimbi ukiumeza bila kutafuna unashuka kama jiwe, na lile jiwe lilikaa hapa kifuani wiki nzima.

Wiki iliyofuata aliletewa habari kwamba mama yake ni mgonjwa huko Nyamache alikozaliwa. Akafunga mzigo, akabeba mtoto mdogo, akaja mlangoni kwangu. Tena alikuja na adabu. "Moraa, mke mwenza, niangalizie chai. Mbuzi wasiingie wakavuta yale matawi." Nikasema, "Wewe nenda tu, mama apone." Na nilimaanisha, kwa dakika ile nilimaanisha. Sijui kama ninyi mmewahi kufanya jambo baya mkiwa mnajitazama kwa mbali. Kesho yake nilikwenda kuchukua kuni, kuni zikawa mbali, na chai ya Bosibori ilikuwa karibu. Nikachukua mzigo mmoja kutoka juu ya mashina yake. Kuni za chai zina moto mkali na moshi wake unanukia. Mama mkwe alinusa akauliza, "Hizi ni za wapi?" Nikasema, "Ni zangu." Siku ya pili nikachukua tena. Sikuchukua kwenye mistari yangu hata kijiti. Nilimaliza mistari minne ya mke mwenza, nikapika maharagwe, nikapika ndizi, nikachemsha maji ya kuoga ambayo hakuna mtu alikuwa ameyaitisha, na kila mchana jua lilikuwa juu ya yale mashina kama mtu ameketi juu yake.

Alirudi baada ya wiki mbili. Mama yake alikuwa amepona. Aliona kabla hajatua mzigo.

"Nani ameondoa matawi yangu?"

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Mimi sikusema uongo. Nilisema, "Nilimwona Mama Kerubo akipita hapa na kikapu." Na ni kweli, nilimwona. Mama Kerubo alikuwa mwanamke mzee, mjane asiye na watoto karibu, anakaa peke yake chini kwenye mabonde, na ile njia ilikuwa njia yake ya kwenda kisimani na kanisani na kila mahali. Alipita kila siku. Kikapu chake kilikuwa na viazi. Neno la kweli, nikalitia mpini, likawa panga.

"Yule mzee," Bosibori akasema. "Na mimi nampa chumvi."

Ingeishia hapo, wizi wa kuni, kugombana kisimani, kwisha. Lakini mvua ikaja. Ninyi wa mji mvua ikinyesha mnatafuta mwavuli, sisi hapa mvua ya Machi ni kama mtu ameita jina la kila kitu. Miparachichi ikatoa maua, maharagwe yakatoboa udongo siku moja, hata zile nguzo za mti za ua la boma zikachipuka majani, nguzo zilizokufa. Na chai yangu ikachipuka. Chai ya Bosibori, mistari sita, ikachipuka. Mistari minne ikabaki myeusi katikati ya kijani, na gome lake limefunguka. Watu waliokuwa wakienda kuuza majani kituoni walisimama kuangalia. Mwanzoni walisema, jua. Halafu nikasikia pale kituoni, tukingoja mizani, mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Jua gani linachagua mistari minne? Yule mzee hakubeba kuni. Matawi mabichi ya mtu anapikia nini? Amekwenda kuyazika." Yule mwingine akasema, "Na hana mtoto. Anawachukia wenye watoto." Mimi nilikuwa nimesimama nao, na kikapu changu kimejaa.

Kwetu neno hilo likianza halirudi. Sitaki kuwadanganya kwamba sisi ni watu wabaya. Sisi ni watu wa sala, mnajua, Jumamosi hapa utasikia nyimbo kila kilima. Lakini mzee asiye na mtu, akishaitwa lile jina, mchawi, kuna siku vijana wanakuja nyumbani kwake na hawaji kunywa chai. Hapa wanaliita "kumtembelea." Nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, miguu yangu ilianza kutembea yenyewe. Nilifagia uwanja asubuhi, nikafagia tena adhuhuri. Nilipalilia migomba ambayo haikuwa na magugu. Mama mkwe alinitazama akasema, "Huyu labda ni mimba." Haikuwa mimba.

Na katikati ya hayo yote nilikuwa kwenye darasa la ubatizo. Mimi nilizaliwa kwa Wakatoliki wa Sironga nikaolewa kwa Wasabato, kwa hiyo ilibidi nifundishwe upya. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa, Mzee Ombui, mkulima kama sisi, mtu wa sauti ya chini na vidole vyenye rangi ya chai ambayo hata sabuni ya kipande haikuiondoa. Hakupenda maneno makubwa. Alitufundisha wokovu kwa shamba. "Mungu akikukata usilie umeuawa," alisema. "Anakukata ili uchipuke. Lakini angalia: akikukata, hufunika. Hakuachi uchi kwa jua. Ile damu ya Yesu ndiyo matawi juu ya shina lako." Wenzangu wakaitikia, Amina. Mimi nilitoka nje nikasema naenda haja, nikashikilia mti. Alijua? Mpaka anakufa sikumuuliza. Nafikiri hakujua, alikuwa anafundisha tu, lakini neno likitupwa kwenye watu ishirini linamjua mwenyewe.

Nikajiambia, maji yataondoa. Si ndivyo wanavyosema? Unazama mtu wa kale, unatoka mtu mpya. Nikangoja siku ile kama mgonjwa anavyongoja sindano. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya kakao. Mchungaji alisimama ndani na mabuti ya mpira yaliyojaa maji, na wanawake ukingoni wakiimba, na mtoto fulani akisema kwa sauti, "Angalieni, huyu anaogopa!" Nikazamishwa. Nikatoka na maji puani, nikikohoa, wakanifunika na shuka, Bosibori mwenyewe ndiye aliyenifunika. Alinisugua mgongo kama mtoto. "Sasa wewe ni wa Bwana," akasema. Nikasimama pale natetemeka, nikisikiliza ndani yangu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba. Hakuna aliyeitikia. Lile jiwe lilikuwa pale pale. Maji yalikuwa baridi, basi.

Wiki mbili baadaye ilikuwa Sabato ya meza ya Bwana. Kwa sisi Wasabato kabla ya kula mkate na kunywa divai ya zabibu tunaoshana miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi, wanaume kwao na wanawake kwao, wawili wawili. Kama una neno na mwenzako, ndipo mahali pa kulimaliza, na wengi humchagua yule waliyekosana naye. Mimi nilikuja na beseni langu mwenyewe, jeupe lenye ukingo wa buluu, nililonunuliwa na mume wangu kwenye duka la Mhindi mjini Kisii tulipooana. Wanawake tulikuwa kwenye chumba cha watoto nyuma ya kanisa, mabenchi mafupi, maji ya vuguvugu kwenye sufuria kubwa, harufu ya sabuni na mvua kwenye nguo. Kila mtu anatafuta mwenzake, kuna kucheka, kuna kusema "mimi nina mwasho, unioshe polepole." Na Mama Kerubo alikuwa ameketi mwisho wa benchi. Alikuwa amevua viatu vyake vya plastiki, akaviweka pamoja vizuri chini ya benchi. Miguu yake ilikuwa safi. Alikuwa ameshaiosha nyumbani kwake, ile ya kuona haya, ili mwenzake asipate kazi. Na hakuna mwenzake. Watu walipita mbele yake kama kuna shimo.

Nilichukua hatua moja kwenda kwake. Moja, naiapia. Bosibori akanishika mkono. "Njoo tuoshane, mke mwenza. Wewe sasa ni mtu wa maji." Akaketi, akavua viatu, halafu akainama kwenye sikio langu. "Usimwangalie yule. Kesho vijana watamtembelea."

Kesho. Nikapiga magoti. Nikachukua mguu wa kulia. Miguu ya Bosibori ilikuwa mipana, na kovu la panga juu ya kifundo, la kukata chai. Nikaosha, nikakausha kati ya vidole. Yeye alikuwa anaimba kwa pua pamoja na wengine. Nikaukamata wa kushoto, nikautia kwenye maji, na mikono yangu ikakataa.

"Osha basi, maji yanapoa."

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Matawi. Nilipikia mimi. Mama Kerubo alikuwa na viazi."

Nilikuwa naangalia mguu tu. Kisha sauti yake ikatoka juu ya kichwa changu, ndogo. "Kwa nini?"

"Kuku ameshataga," nikasema.

Alielewa mara moja, nilihisi mguu ukikaza. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Badala yake akasema, "Rudia."

"Ni mimi nilichukua—"

"Simama urudie. Ulinong'oneza mtu mmoja, kijiji kizima kikasikia. Sasa piga kelele."

Nikasimama, na sabuni mikononi, nikapiga kelele. Nilisema yote, na kuku, na ugali, na kikapu. Wimbo ulikatika katikati. Mwanamke mmoja, ndiye yule wa kituoni, akasema, "Ee Nyasae," yaani Mungu wangu, na akaketi chini na nguo yake nzuri kwenye maji. Bosibori akautoa mguu wa kushoto kwenye beseni, hakungoja taulo, akauingiza kwenye kiatu ukiwa unavuja. Akachukua beseni langu, akamwaga yale maji nje mlangoni, akachota mengine kwenye sufuria, akaenda mpaka mwisho wa benchi akapiga magoti. Mama Kerubo alisogeza viatu vyake kando. Halafu akanyoosha mguu, akasema, "Polepole hapo kisigino, kuna ufa."

Mimi nilibaki nimesimama na taulo.

Jioni ile ile Bosibori alizunguka mwenyewe kwa mama za wale vijana, nyumba kwa nyumba, na kiatu chenye maji. Hakuna aliyemtembelea Mama Kerubo. Aliishi miaka mingi, akafa kwa uzee, kitandani, akilalamika kwamba uji una chumvi. Kanisa liliniweka kando miezi mitatu, nikikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na hapo nyuma, niwaambie ukweli, ndipo lile jiwe lilipotoka. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nilikuwa naangalia mvua nje, nikagundua nimekaa ibada nzima bila kutaka kuondoka. Mei mistari minne ya Bosibori ilianza kuchipuka, si juu ambapo panga lilipita, bali chini kabisa, kwenye udongo, mahali ambapo jua halikufika. Mashina mengine hayakuamka. Niling'oa mizizi yake kwa mikono yangu nikapanda mapya. Mzee Ombui alipita akanikuta kwenye shimo, akasema "kazi njema," akaenda zake.

Alinisamehe? Ninyi niambieni. Alinishika mgongo nikizaa mtoto wangu wa kwanza, na wa pili, na wote. Tuliazimana chumvi. Alinitukana kama kawaida, na mimi nilijifunza kumrudishia. Lakini kwenye meza ya Bwana, mara nne kila mwaka, miaka yote hiyo, hakunichagua tena. Alikuwa anamwosha Mama Kerubo, na baada yake mwingine, na mwingine. Nikimsogelea na beseni anakuwa ameshampata mtu. Nami kila mara niliukumbuka ule mguu nilioubakiza kwenye sabuni.

Mwaka jana ugonjwa wa sukari ulimlaza hospitali muda mrefu. Tukasikia wamemkata mguu. Hakuna aliyesema ni upi, na mimi niliogopa kuuliza, maana wangetaka kujua kwa nini nauliza. Nilipanga vikombe, nikavipangua. Siku aliporudishwa nyumbani nilingoja watu wa salamu waishe, nikachemsha maji, nikachukua lile beseni, limechubuka sasa, nikavuka uwanja. Binti yake Nyaboke alinifungulia akaenda kuangalia mahindi jikoni. Bosibori alikuwa kwenye kiti cha kitambaa, blanketi mpaka kiunoni.

"Salamu gani hii inaletwa na beseni?"

Nikaliweka chini. Akaniangalia, akaangalia maji, akafunua blanketi. Ulikuwepo wa kulia, na kovu lake la panga.

"Umechelewa, mke mwenza. Wa kwako ndio walioukata." Akaanza kucheka. "Na hawakuufunika na matawi." Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Nyaboke akachungulia. Mimi sikuweza.

"Basi osha huu," akasema.

"Huo niliuosha."

"Umechafuka tena. Kwani ulidhani nimekaa?"

Nikaosha. Ulikuwa mwepesi, umevimba juu na kukonda chini. Nilikausha kati ya vidole, kimoja kimoja, na hapakuwa na haraka. Nilipomaliza nikauliza, nikiangalia chini kama siku ile, "Na ule mwingine?"

"Ule mwingine asubuhi ile tukiamshwa," akasema. "Kama Mungu ataurudisha, na atarudisha, si aliahidi? Wewe uwe karibu na maji. Usiende kwanza kusalimia watu, nakujua."

Kwa hiyo siku ya mazishi, kipaza sauti kiliponifikia, nilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa napima kwa macho kutoka kaburi lake mpaka pale mume wangu alipolala, ambapo na mimi nimetengewa nafasi. Ni karibu. Katikati kuna mstari mmoja wa chai. Nitafika kabla hajavaa kiatu.